Si Wewe Uliye Mzito, Mama

Barua niliyoichagua mwezi huu haihusu homa wala uzazi. Imetoka kwa mama mmoja mwenye umri wa miaka 54, karani wa ofisi ya usharika, ambaye ameomba nisitaje jina lake wala mahali alipo. Amefanya kazi ya kuchapa kwa zaidi ya miaka 20, akianza na taipureta ile ya kugonga kwa nguvu, kisha akaja kwenye kompyuta, na kazi haijawahi kumshinda. Mwaka jana wafadhili waliwaletea kompyuta mpya yenye programu mpya. Tangu hapo, anasema, kila siku anauliza jambo lile lile. Amri aliyoizoea haipo mahali pake. Kazi ya nusu saa inakula asubuhi nzima. Vijana wa kwaya wanaokuja kumsaidia hubonyeza haraka haraka, hucheka kidogo, huondoka, naye hubaki hajui wamebonyeza nini. Sasa anafikiri kuandika barua ya kuacha kazi. Na swali lake kwangu mimi nesi ni hili: je, kuna vidonge vya kumbukumbu? Na je, hizi siyo dalili za ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni?

Niruhusuni nianze na upande wa afya, maana ndiyo kazi yangu. Kusahau kunakotutia wasiwasi sisi wa hospitali ni kwa namna nyingine. Ni mtu kupotea njia ya nyumbani aliyoipita miaka yote. Ni kuuliza jambo moja mara nne ndani ya saa moja bila kukumbuka kwamba amekwisha kujibiwa. Ni kuchanganyikiwa na chenji ambayo zamani aliihesabu kichwani, au kuacha sufuria jikoni mara kwa mara mpaka nyumba inajaa moshi. Ukiona hayo, au watu wa nyumbani wakikuambia wanayaona, nenda kaonane na daktari, wala usinunue vidonge mtaani. Tena umri wa miaka 50 na kitu una mambo yake: usingizi unaokatika kwa joto la kukoma hedhi, shinikizo la damu, sukari, na macho. Macho hasa! Miwani ya kusomea hupimwa kwa umbali wa kitabu mkononi, kiasi cha sentimita 40. Skrini ya kompyuta kwa kawaida huwa mbali zaidi ya hapo. Basi mama anainama mbele, shingo inauma, kichwa kinauma, herufi hazionekani vizuri, na watu wanasema haelewi.

Lakini katika barua yako sioni ugonjwa. Umeniandikia kurasa nne kwa mkono, zenye mpangilio, tarehe na hata jina la programu ya zamani. Kitu unachosema umekisahau ni mahali amri zilikohamishiwa. Hicho hukukisahau, mama. Hukuambiwa.

Na kuhamishwa zimehamishwa kweli, siyo wewe unaota. Mwezi Agosti 1995 kampuni ya Microsoft ilipotoa Windows 95, iliweka kitufe cha Start kwenye kona ya chini kushoto. Kwa miaka 17 kila aliyefundishwa kompyuta, awe katibu muhtasi wa wizara au mtawa wa zahanati, aliambiwa: anzia hapo. Mwaka 2012 ikaja Windows 8, kitufe kikaondolewa. Watu wakalalamika dunia nzima. Mwaka 2013 kitufe kikarudishwa, na mwaka 2015, katika Windows 10, ile orodha ya kufungulia programu nayo ikarudi. Mwaka 2021, Windows 11 ikakisogeza kitufe katikati. Upande wa kuandika barua, mwaka 2007 programu ya Word ilizitupa orodha zile za juu tulizozizoea na kuweka utepe mpana wa picha. Fikiri umeamka asubuhi ukakuta mtu ameingia jikoni usiku, amehamisha chumvi, kiberiti, mwiko na chujio la nazi, tena bila kuacha hata karatasi. Ukichelewesha chai ya watoto siku hiyo, nani wa kulaumiwa?

Nisiwaonee waliohamisha. Walikuwa na sababu. Microsoft walieleza kwamba watu walikuwa wakiomba waongezewe mambo ambayo tayari yalikuwamo ndani ya programu, ila yamejificha kwenye orodha ndefu hayaonekani. Huenda msichana anayeanza leo akauona ule utepe kuwa rahisi kuliko orodha za zamani. Ninachokataa mimi ni hesabu yao. Faida wanapewa wageni, gharama wanatozwa wale waliokuwa tayari wanaijua kazi, na juu ya gharama hiyo wanaongezewa aibu.

Maana kuna imani imeenea kwamba kompyuta ni akili tupu, kwa hiyo anayeshindwa kuitumia hana akili. Wale wenyewe waliotengeneza mambo mazuri ya kompyuta hawakuwa na imani hiyo. Katikati ya miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, mafundi wawili, Larry Tesler na Tim Mott, walitengeneza programu ya kuhariri maandishi iliyoitwa Gypsy. Ilikusudiwa wahariri wa Ginn, kampuni ya vitabu vya shule. Mott alikwenda kwanza kukaa na wahariri hao, akawatazama wanavyofanya kazi. Wahariri wa zamani walitumia mkasi na gundi: unakata kipande cha karatasi hapa, unakibandika pale. Ndiyo hiyo kata na bandika tunayoitumia sote hadi leo, hata kwenye simu. Haikushuka kutoka kwa mabingwa wa hesabu. Ilitoka mezani kwa watu wa kazi za ofisi, na aliyeichukua alikuwa na adabu ya kukaa kimya na kutazama.

Tesler huyo alichukia jambo moja maisha yake yote: kitufe kimoja kuwa na maana mbili kulingana na hali ambayo mtumiaji haioni. Alilichukia kiasi kwamba kibao cha namba cha gari lake kiliandikwa NO MODES, yaani hali mbalimbali zisiwepo. Alifariki Februari 2020, na adui yake bado yupo. Anayeandika neno la siri mara tatu na kukataliwa, kumbe Caps Lock imewashwa, amekutana naye. Anayebonyeza mishale kwenye jedwali la Excel na kuona ukurasa mzima unatembea badala ya kisanduku, kumbe kitufe cha Scroll Lock kiliguswa na mtoto, amekutana naye vilevile.

Yuko na mwanamke mmoja ambaye akina mama wa kudarizi mtampenda. Anaitwa Susan Kare. Kompyuta ya Macintosh ya kampuni ya Apple ilipotoka Januari 1984, picha zake ndogo zilikuwa kazi ya mkono wake. Hakuwa fundi wa kompyuta, alisomea sanaa. Alizichora picha hizo kwanza kwenye karatasi ya miraba, miraba 32 kwenda upande na 32 kwenda chini, kila mraba ama mweusi ama mweupe. Mwenyewe amesimulia kwamba kazi hiyo inafanana na kushona kwa kuhesabu nyuzi. Nani kati yetu hajahesabu matundu ya kitambaa cha kochi ili ua litoke sawa pande zote? Basi ni kazi hiyo hiyo. Kikopo cha rangi kinachomiminika, kikimaanisha jaza rangi hapa. Kompyuta ndogo inayotabasamu ikiwaka salama. Mtu asiyejua kusoma Kiingereza aliweza kukisia. Siku hizi picha nyingi zimekuwa mistari mitatu, nukta tatu, duara lenye meno, na hakuna anayekisia kitu. Hata ile picha ya kuhifadhi, kijana wa sekondari ukimwuliza ni nini atakuambia hajui, maana disketi hajawahi kuishika.

Sasa niseme la hospitali, kwa sababu hapo halibaki suala la aibu peke yake.

Kati ya mwaka 1985 na 1987, katika Marekani na Kanada, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iliyoitwa Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita mionzi mingi kupita kiasi. Ilitengenezwa na shirika la Kanada la AECL, na iliongozwa na kompyuta. Mashine iliyoitangulia ilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme ambavyo viliifunga ikikosea. Katika hii mpya vizuizi hivyo viliondolewa, usalama ukaachiwa programu. Mwezi Machi 1986, katika mji wa Tyler, Texas, mwanamke aliyeendesha mashine hiyo, mzoefu wa kazi yake, alimwandaa mgonjwa. Aliandika herufi ya aina moja ya mionzi mahali pa nyingine, akagundua papo hapo, akarudi juu, akasahihisha, akaendelea. Jambo la kawaida kabisa. Skrini ikaonyesha kila kitu kiko sawa. Lakini ndani mashine ilikuwa haijafuata sahihisho lake. Alipowasha, ikasimama na kuandika Malfunction 54, yaani hitilafu namba 54. Hitilafu gani? Kitabu cha maelekezo hakikumsaidia. Na mashine hiyo ilizoea kusimama hivyo mara kwa mara kwa mambo madogo, na kumruhusu mwendeshaji kuendelea kwa kubonyeza herufi moja tu, P. Akabonyeza P. Ndani ya chumba mgonjwa alikuwa tayari ameunguzwa na anajaribu kunyanyuka kitandani, lakini siku hiyo chombo cha kusikilizia chumba kilikuwa kibovu na kamera haikuunganishwa.

Mwezi uliofuata, Aprili, likatokea tena kwa mgonjwa mwingine, mikononi mwa mwendeshaji yule yule. Wagonjwa wote wawili walifariki mwaka huo.

Jinsi tatizo lilivyofichuliwa ndiko kunakonigusa mimi. Mtaalamu wa fizikia wa hospitali ile na mama yule mwendeshaji walirudi kwenye mashine, na yeye akakumbuka hatua kwa hatua vidole vyake vilifanya nini. Wakarudia na kurudia mpaka hitilafu namba 54 ikatokea mbele ya macho yao. Ilikuwa hivi: ukisahihisha polepole, mashine inafuata, ukisahihisha haraka, ndani ya sekunde 8, haifuati. Kwa maneno mengine, mashine ilikuwa salama kwa anayejifunza na hatari kwa aliyeijua kazi. Angekuwa mama wa kukaa kimya kwa kuogopa kuitwa mzembe, sijui wangapi wangefuata.

Kwa hiyo mtu akikuambia kulalamikia programu ni kupenda maneno, mwambie hayo.

Mambo ya namna hiyo yapo bado, kwa sura ndogo ndogo. Chukua orodha ya dawa ndani ya kompyuta, imepangwa kwa alfabeti, unachagua kwa kushuka chini. Hydralazine ni ya shinikizo la damu, na hydroxyzine ni ya mwasho na mzio. Zinakaa jirani kwenye orodha, herufi zinafanana, na nesi yuko zamu ya usiku saa tisa. Nchini Marekani tangu mwaka 2001 wamehimiza majina ya namna hii yaandikwe kwa kukuza herufi zinazotofautiana, hydrALAZINE na hydrOXYzine, ili jicho linase. Dawa ya bei rahisi hiyo: ni herufi kubwa tu.

Katika hospitali moja niliyoifahamu vizuri, programu iliyoletwa ilikuwa inajifunga yenyewe kila baada ya dakika chache, na kukutaka uandike upya jina na neno la siri. Nia ni njema, siri za wagonjwa zilindwe. Lakini nesi hakai mezani, anazunguka wodini. Ikawa manesi wanaandika vipimo vya shinikizo la damu kwenye maboksi ya glavu, wanakuja kuviingiza kwenye kompyuta mwisho wa zamu, wote kwa pamoja, wakiwa wamechoka. Aliyeibuni programu ile hakuwahi kusimama wodini hata asubuhi moja. Hilo sihitaji kuambiwa na mtu.

Na yale maswali yasiyokwisha: una uhakika, una uhakika, una uhakika? Sisi wa hospitali tunaujua ugonjwa huo kwa jina, uchovu wa kengele. Mashine zikilia ovyo kutwa, sikio huacha kusikia. Aprili 2013 taasisi ya Marekani inayokagua ubora wa hospitali, Joint Commission, ilitoa onyo juu ya kengele za mashine: kati ya Januari 2009 na Juni 2012 ilikuwa imepokea taarifa za matukio 98 yaliyohusu kengele hizo, na katika matukio 80 mgonjwa alifariki. Kwenye kompyuta ya ofisini hakuna anayekufa, lakini mwenendo ni huo huo. Mtu akiulizwa swali la bure mara 30 kwa siku, la 31 lenye maana atalijibu ndiyo bila kusoma. Njia bora ni ile ya tendua, Ctrl na Z: acha mtu afanye, na akijuta, arudishe. Mimi huiona tendua kuwa kitu cha huruma kuliko vyote vilivyowahi kuwekwa ndani ya kompyuta. Kile kibanio cha karatasi chenye macho, kilichokuwa kikijitokeza kwenye Word tangu toleo la 97 kutuuliza kama tunaandika barua, kilikuwa kama mgeni anayekufuata jikoni kukuuliza kama unapika. Kikaondolewa mwaka 2007, na sikusikia aliyelia.

Sasa, mama, nije kwenye jambo ulilolieleza katika ukurasa wa tatu, ambalo najua lilikuumiza kuliko yote: orodha ya namba za simu za umoja wa wanawake. Unasema uliandika namba zote vizuri, na asubuhi mweka hazina akakuta sifuri ya mwanzo imepotea kwenye kila namba, akasema mbele ya watu kwamba siku hizi hata sifuri huoni. Sikiliza. Excel ndiyo iliyozila. Ikiona tarakimu hudhani ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani, basi huifuta bila kukuuliza. Inauliza una uhakika kwa mambo ya kipuuzi, na hapa pa maana haiulizi! Dawa yake ni hii. Kabla hujaandika namba, tia kwanza alama ya ritifaa, ile tunayoiweka katika neno ng'ombe, kisha andika namba. Sifuri itabaki. Au chagua safu nzima, uiambie kwamba ni maandishi, yaani Text, ndipo uanze.

Na tarehe uziangalie zaidi. Kompyuta nyingi hufika zikiwa zimepangwa Kimarekani, mwezi kwanza halafu siku. Ukiandika 04/07 ukimaanisha tarehe 4 Julai, yenyewe inaelewa Aprili 7. Kwenye rejesta ya ubatizo ni fedheha. Kwenye kliniki ya watoto ni zaidi ya hapo: mtoto wa Julai akisomeka wa Aprili, kompyuta itasema ametimiza miezi 9 na anafaa chanjo ya surua wakati ana miezi 6 tu. Mwambie kijana wako wa kwaya aende kwenye mipangilio ya nchi na eneo, abadilishe tarehe ianze na siku, na katika orodha zako andika jina la mwezi kwa herufi: 4 Julai. Hapo hakuna wa kukosea, mtu wala mashine.

Ukidhani haya yanawapata makarani wa usharika tu, tazama wanasayansi. Wanaochunguza jeni za binadamu walikuwa na jeni zenye majina kama MARCH1 na SEPT1. Excel ikawa inayageuza kuwa tarehe, Machi 1, Septemba 1. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba kiasi cha moja ya tano ya makala za kisayansi zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa ya namna hiyo. Hatimaye, mwaka 2020, kamati inayotoa majina ya jeni ikayabadilisha majina yenyewe. Umeelewa? Maprofesa wa dunia walibadilisha majina ya jeni za binadamu kwa sababu ya programu ya jedwali. Microsoft waliongeza njia ya kuzima ugeuzaji huo mwaka 2023. Mwambie mweka hazina wenu habari hiyo, kwa upole.

Lugha nayo ni mzigo. Mashine ikikwama hukwama kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi, ambacho hata Mwingereza wa kawaida hakielewi. Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, bure, zikaitwa Jambo OpenOffice. Maneno kama hifadhi, tendua na kabrasha tunayo. Ofisi zetu hazikuzishika programu zile. Nadhani wengi tuliona kwamba kompyuta ikisema Kiswahili siyo kompyuta kamili, na hilo ni letu wenyewe, siyo la Wazungu.

Basi ufanye nini? Kwanza, vijana wakija kukusaidia, waombe waweke mikono nyuma. Kipanya ukishike wewe. Wao waseme, wewe ubonyeze, kisha uandike hatua hizo kwenye daftari kwa maneno yako, hata kama ni "bonyeza kile kinachofanana na pasi." Mkono uliobonyeza ndio unaokumbuka. Kijana asiyeweza kueleza kwa mdomo, huenda naye anabahatisha tu, nimewaona wengi.

Pili, usitafute amri iliyohamishwa kwa macho. Juu kabisa ya Word za miaka ya karibuni pana kisanduku cha kutafutia. Andika humo unachotaka, kwa mfano print, nayo itakuletea. Ukiipata amri unayoitumia kila siku, ibonyeze kwa upande wa kulia wa kipanya, uchague kuiongeza kwenye ule mstari mdogo wa amri za haraka, Quick Access. Weka humo amri zako 10. Hizo zitakuwa chumvi na kiberiti chako, mahali ulipoviweka wewe. Na vitufe vya Ctrl pamoja na S cha kuhifadhi, P cha kuchapa, C, X, V na Z, hivyo vimebaki vile vile miaka yote. S ibonyeze kila baada ya aya, hasa huko kwenu umeme unakokatika bila hodi.

Tatu ni la wazee wa usharika na wakubwa wa ofisi, naomba uwaonyeshe ukurasa huu. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, kwa hiyo ofisi nyingi zinabadilisha mashine au zitabadilisha. Kabla hamjapokea programu yoyote, iwe ya kununua au ya kupewa, mketisheni mbele yake yule atakayeitumia, siyo kijana anayeijua. Mpeni kazi tatu za kawaida: aandike cheti cha ubatizo, atafute jina la mwaka jana, achape orodha ya michango. Nanyi mkae kimya, mtazame. Kila anapokwama, andikeni. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wakitazamwa hivyo huyafichua matatizo mengi ya programu. Usharika hauwezi kukosa watu watano. Muuzaji akikataa jaribio hilo, arudi na kitu chake.

Barua ya kuacha kazi, mama, usiiandike kwanza. Kwa wiki mbili andika badala yake kila mahali programu inapokukwamisha, ulikuwa unafanya nini na skrini ilisema nini, kama yule mama wa Texas. Mpelekee mchungaji karatasi hiyo, mkae wawili. Na kuhusu macho: kabla ya kwenda kupimwa, keti kwenye kiti chako cha ofisini kama kawaida, mwombe mtu apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka kwenye macho yako hadi kwenye skrini, uandike sentimita hizo, na umkabidhi mpimaji kabla hajakuwekea lenzi.